Dalali wa Dunia: Je, Hisa za CBRE Zafaa kwa Pesa za Mirathi?

Kijana wetu mmoja anayefanya kazi Marekani alinipigia simu juzi. Familia yao imeuza ploti ya marehemu baba yao upande wa Mtwapa, mirathi ikagawanywa kwa sheria, na mama na dada zake wakamwachia mafungu yao ayazungushe. Jengo analofanyia kazi linasimamiwa na kampuni iitwayo CBRE, na ameona hisa zake zinauzwa kwenye programu ya simu. Akaniuliza: "Mjomba, hawa wana majengo dunia nzima. Nikitia pesa za mama humo nitakosea?"

Nimeona swali hili si lake peke yake. Vijana wetu wengi walioko Marekani, Uingereza na Ghuba wananunua hisa kwa simu, na wengine wanazinunua kwa pesa za jamaa waliobaki nyumbani. Basi tuieleze kampuni hii kwa utulivu, kisha turudi kwenye pesa za mama.

Si mwenye nyumba, ni dalali

Kosa la kwanza ni kudhani CBRE inamiliki majengo yote yenye jina lake mlangoni. Sivyo. Kazi yake kubwa ni kuwahudumia wenye majengo na wapangaji. Sisi watu wa Pwani tunalijua jambo hili tangu zamani: kuna mwenye ploti, kuna mwenye nyumba juu ya ploti, kuna mpangaji, na kuna dalali anayewakutanisha na kuchukua chake. CBRE ni huyo wa mwisho, ila amekua akawa pia msimamizi wa jengo, mkadiriaji wa thamani, msimamizi wa ujenzi na mtunza pesa za wawekezaji.

Asili yake ni San Francisco mwaka 1906, baada ya lile tetemeko la ardhi, pale Colbert Coldwell na wenzake walipoanza biashara ya udalali. Kampuni ile ndiyo iliyokuja kuitwa Coldwell Banker, na herufi C na B zimetoka hapo. Herufi R na E ni za Richard Ellis, nyumba ya udalali ya London ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1773. Pande hizo mbili ziliungana mwaka 1998. Hisa zake zimekuwa zikiuzwa katika soko la New York tangu mwaka 2004. Leo makao makuu yako Dallas, na wafanyakazi wake wamezidi 140,000.

Mifuko minne

Tangu 2025 kampuni inapanga hesabu zake katika mafungu manne.

La kwanza ni ushauri: kutafuta wapangaji, kuuza majengo, kukadiria thamani, na kuwatafutia wateja mikopo ya majengo. Hapa ndipo kamisheni ilipo. Soko likichangamka faida ni nono. Soko likilala, dalali naye analala na njaa.

La pili ni uendeshaji wa majengo. Kampuni kubwa, hospitali na viwanda huikabidhi CBRE kazi ya usafi, umeme, lifti na viyoyozi kwa mikataba ya miaka kadhaa. Faida yake ni nyembamba, lakini inaingia mvua na jua. Fungu hili lilinenepa mwaka 2015, CBRE iliponunua idara ya kazi hiyo kutoka Johnson Controls kwa takriban dola bilioni 1.5.

La tatu ni usimamizi wa miradi ya ujenzi, hasa kupitia Turner & Townsend ya Uingereza, ambayo CBRE ilichukua asilimia 60 yake mwaka 2021.

La nne ni uwekezaji. Hapa inatunza pesa za watu wengine, zaidi ya dola bilioni 140 kufikia mwisho wa 2024, na inajenga na kuuza majengo kupitia Trammell Crow, kampuni iliyoinunua mwaka 2006. Ni katika fungu hili tu ndipo CBRE inaweka kiasi kikubwa cha pesa yake yenyewe ndani ya majengo.

Je, mifuko mingi imesaidia?

Tuangalie dhoruba mbili. Mwaka 2008, wakati wa msukosuko wa mabenki, kampuni ilikuwa bado inategemea sana kamisheni, na ilikuwa na madeni ya kununua kampuni nyingine. Mwaka ule ilipata hasara ya takriban dola bilioni 1, nyingi yake ikiwa ni kukiri kwamba kampuni ilizozinunua hazikuwa na thamani iliyoandikwa vitabuni. Hisa iliyokuwa zaidi ya dola 40 mwaka 2007 ilishuka chini ya dola 4 mwanzoni mwa 2009.

Dhoruba ya pili ilikuja pale benki kuu ya Marekani ilipopandisha riba kutoka karibu sifuri Machi 2022 hadi kati ya asilimia 5.25 na 5.5 Julai 2023. Mikopo ikawa ghali, majengo yakakosa wanunuzi. Faida ya msingi kwa kila hisa ya CBRE ilianguka kutoka dola 5.69 mwaka 2022 hadi 3.84 mwaka 2023, yaani karibu thuluthi. Lakini safari hii haikuingia hasara. Mwaka huo wa 2023 ilibaki na faida halisi ya dola milioni 986. Mwaka 2024 faida ya msingi ikapanda hadi dola 5.10.

Kwa hivyo mifuko mingi ilisaidia jahazi lisizame. Haikuzuia mawimbi.

Kuzisoma hesabu bila kudanganyika

Mapato ya 2024 yalikuwa dola bilioni 35.8. Usishtuke na ukubwa wake. Mfikirie msimamizi wa nyumba Mombasa anayepewa shilingi elfu kumi na mwenye nyumba amlipe fundi wa bomba. Pesa zimepita mkononi mwake, lakini si zake. CBRE ikiondoa pesa za namna hiyo, mapato yake ya 2024 yalikuwa kama dola bilioni 20.9. Na faida halisi ilikuwa dola milioni 968, chini ya senti 3 kwa kila dola ya yale mapato ya mwanzo.

La pili, kuna faida za aina mbili. Ile dola 5.10 ni faida ya msingi, ambayo kampuni imeipata baada ya kuweka kando baadhi ya gharama. Kwa kanuni rasmi za uhasibu, faida ya 2024 kwa kila hisa ilikuwa dola 3.14. Tuseme kwa mfano tu hisa inauzwa dola 100. Kwa hesabu ya kwanza unalipia faida ya miaka kama 20; kwa ya pili, ya miaka kama 32. Hisa ni ile ile. Anayekuuzia atakutajia 20. Wewe uliza pia ile nyingine.

Kinachoweza kuipandisha na kuishusha

Upande wa matumaini, riba ilianza kushushwa Septemba 2024, na riba ikishuka majengo huanza kuuzwa tena. Mashirika makubwa yanaendelea kuwakabidhi wengine kazi ya kutunza majengo yao. Na vituo vya data vinavyojengwa kwa ajili ya akili mnemba vinahitaji viwanja, wajenzi na waangalizi, kazi ambazo CBRE inazo zote.

Upande wa hofu, riba inaweza kukwama juu. Wafanyakazi wengi Marekani wanafanyia kazi nyumbani baadhi ya siku, na karibu asilimia 20 ya nafasi za ofisi nchini humo zilikuwa tupu kufikia 2024. Kampuni inayokua kwa kununua nyingine inaweza kununua kwa bei mbaya, kama ilivyodhihirika 2008. Na washindani wake, akina JLL na Cushman & Wakefield, hawajalala.

Maoni yangu ni kwamba hii ni kampuni imara katika biashara inayopanda na kushuka. Mwenye subira ya miaka saba au kumi ana sababu ya kuitazama. Anayehitaji pesa mwakani, asiiguse.

Riba, zaka na mirathi

Kwa Waislamu kuna mizani nyingine. Biashara ya kusimamia majengo ni halali kwa asili yake. Lakini CBRE pia inatafutia wateja mikopo ya riba na kulipwa kwa kuihudumia mikopo hiyo, na yenyewe inakopa kwa riba. Viwango vya AAOIFI, ambavyo wanazuoni wengi wa uchumi wanavitumia, vinataka deni la riba lisizidi asilimia 30 ya thamani ya kampuni sokoni, na pato lisilo halali lisizidi asilimia 5. Ripoti ya mwaka inaonyesha mapato ya mikopo hiyo kwa mistari yake. Yatoe, yagawanye kwa mapato yote, kisha mpelekee sheikh wako hesabu, si jina la kampuni tu. Ukiruhusiwa, sehemu isiyo safi hutolewa, na zaka ya hisa ina hukumu yake, kutegemea umenunua kufanya biashara au kukaa nazo.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kodi ya urithi ya Marekani. Mtu asiye raia wala mkaazi wa huko akifa akiwa na mali ya Marekani, hisa zikiwemo, inayozidi dola 60,000, serikali ile inaweza kudai kodi inayofika hadi asilimia 40 ya kinachozidi, kabla warithi hawajapata chao. Mama aliyeko Mtwapa akiandikishwa hisa nyingi kwa jina lake, hilo linamhusu. Na hisa zikiandikwa kwa jina la mwana, naye akatangulia mbele ya haki, nani atathibitisha kwamba fungu lile lilikuwa la mama na dada zake?

Nilichomjibu

Nilimwambia hivi. CBRE hailipi gawio kwa wenye hisa zake. Pesa inayobaki huitumia kununua kampuni nyingine na kununua tena hisa zake yenyewe. Mama yako ni mjane, anataka cha kila mwezi cha dawa na unga. Hisa isiyotoa gawio itamlazimu auze kidogo kidogo, na soko likianguka kama 2009 atauza kwa hasara. Kwa haja yake, hata chumba cha kupangisha kinamfaa zaidi. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Fungu lako wewe, ukiwa na miaka kumi mbele yako na sheikh amekuridhia, weka sehemu yake, si lote. Fungu la mama na la dada zako ni amana. Usiligeuze bila ridhaa yao, na ridhaa hiyo iandikwe, na mashahidi wawepo.

Alinyamaza kidogo, kisha akasema atampigia mama yake kwanza. Nikamwambia hapo ndipo pa kuanzia.

Wabillahi tawfiq.