Gari Lililotoka Bandani na Vumbi Lake

Mhariri ameniomba makala ya historia kwa ajili ya toleo hili la mkutano wetu, na bila shaka alitazamia habari za Maji Maji au za misafara ya pembe. Mimi nimechagua gari bovu. Ndugu zangu wa mkondo wa HGL wasinicheke kabla ya kufika mwisho, kwani kwa mtu ambaye tangu atoke Chuo Kikuu anashinda masijala akipangusa majalada, gari hili linahusu kazi yake ya kila siku.

Tarehe 7 Februari, 2009, mjini Paris, lilinadiwa gari aina ya Bugatti Type 57S Atalante la mwaka 1937, likauzwa kwa yuro zaidi ya milioni 3.4. Lilikuwa limetoka katika banda la nyumba huko Newcastle, kaskazini mwa Uingereza, lilikolazwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwenyewe, daktari wa upasuaji, alilinunua mwaka 1955, akaliendesha miaka michache, kisha akalifungia. Alipofariki mwaka 2007 likawa mali ya jamaa zake. Mita yake ilisoma maili 26,284, yaani kama kilomita 42,300. Daladala huenda ikazimaliza hizo kabla ya mwaka kwisha.

Gari la namna hii, lenye milango miwili na paa fupi, Wafaransa huliita kupee, maana yake “lililokatwa”. Neno lilianzia kwenye magari ya farasi yaliyopunguzwa sehemu ya viti. (Vijana mnaotoka kwa wafugaji, huyu si yule kupe wa kwenye josho.)

Ettore Bugatti alizaliwa Milan mwaka 1881 katika ukoo wa wasanii: babaye Carlo alibuni samani, nduguye Rembrandt akatengeneza sanamu za wanyama. Kiwanda chake alikianzisha mwaka 1909 huko Molsheim, jimbo la Alsace, ambalo wakati huo lilitawaliwa na Wajerumani kama nchi yetu ilivyotawaliwa. Type 57 lilikuwa hasa kazi ya mwanawe, Jean. Herufi S ilimaanisha kuwa gari limeshushwa karibu na ardhi, hata ekseli ya nyuma ikapitishwa ndani ya fremu badala ya kupita chini yake. Injini ilikuwa na silinda nane katika mstari mmoja, ujazo wa lita 3.3. Magari ya umbo la Atalante juu ya fremu hiyo ya chini yalikuwa 17 tu. Jean alikufa mwaka 1939 akijaribu gari la mashindano karibu na kiwanda, akiwa na umri wa miaka 30.

Mnunuzi wa kwanza alikuwa Earl Howe, bwana mkubwa wa Kiingereza aliyeshinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans mwaka 1931 pamoja na Tim Birkin. Howe alilifunga gari bampa, vioo vya kutazamia nyuma na keria ya mizigo kwa matakwa yake mwenyewe. Akakaa nalo miaka kama minane, nalo likapita kwa watu wengine kadhaa kabla ya kumfikia daktari.

Je, ni uchache tu uliolipandisha bei? Sidhani. Mwalimu wetu wa historia alikuwa na swali moja lililotutoa jasho: “Umejuaje?” Ukisema vita vilianza kwa sababu fulani, atakuuliza umejuaje. Gari lililokarabatiwa halina jibu zuri kwa swali hilo. Rangi ni ya jana, ngozi ya viti ni ya jana, bati lililopinda limenyooshwa na kujazwa pati. Unabaki kumwamini fundi. Gari la Newcastle lilitoka bila kuguswa, hivyo lilijibu lenyewe: hii ndiyo rangi, hivi ndivyo msumari ulivyopigiliwa, hapa ndipo mkono wa dereva ulipolaza ngozi.

Sisemi kwamba kulala hakuna madhara. Petroli huacha utando wa kunata na kuziba mirija. Oili ya breki hunyonya unyevu hata pistoni za breki zikaganda. Mipira hupasuka, matairi hubonyea upande mmoja, panya hufanya viti kuwa wodi ya wazazi. Anayekimbilia kupiga starta siku ya kwanza huweza kuua injini iliyohimili nusu karne. Mwenye busara hufungua plagi, akamimina oili kidogo ndani ya silinda, akangoja, kisha akaizungusha kwa mkono taratibu. Na mahali pa kulaza pana uzito wake. Mwaka 2014 yalipatikana Ufaransa magari ya kale yapatayo 60 ya familia ya Baillon. Mengi yalikaa chini ya mapaa yasiyo na kuta, na kutu ilikuwa imekwisha kula bati.

Mabishano haya yana umri kuliko magari. Mwaka 1877 William Morris alianzisha chama mjini London kupinga mafundi waliokuwa wakikwangua makanisa ya kale kwa jina la kuyakarabati. Hati ya Venice ya mwaka 1964 ikaweka kanuni kwa majengo, na baadaye Hati ya Turin ikazifuata kwa magari. Wenyewe hawakatazi matengenezo. Breki zisizoshika hazina historia ya kulindwa, zina maiti ya kuzikwa. Wanachotaka ni kwamba usiondoe usichoweza kurudisha, na kila ulichobadilisha ukiandike.

Ndipo nafika bwaloni kwetu. Kamati imependekeza mbao za majina ya viranja wakuu zipigwe randa, zipakwe vanishi, na majina yote yaandikwe upya kwa mwandiko mmoja. Wanaokula hapo leo wanajua zilivyo: miandiko mbalimbali, rangi iliyopauka, na jina moja lililokwanguliwa kwa kisu. Nani alilikwangua, na kwa kosa gani? Wapo wazee wetu wachache wanaoweza kujibu, na wengi wao watakuja mkutanoni. Randa ikipita, hata swali lenyewe halitaulizwa. Mchwa walioanza kona ya chini watibiwe, mbao zipanguswe kwa kitambaa kikavu, na majina yapigwe picha. Hoja hiyo nitaileta Jumamosi. Naambiwa fundi amekwisha kupewa nusu ya malipo. Fedha hizo niko tayari kuzirudisha kamati kutoka mfukoni mwangu.