Piko ya nyusi na macho ya sungura



Nilivuka bahari kwenda Mbagala, Temeke, kwenye harusi ya mtoto wa mama mdogo. Siku ya hina, mpambaji alimaliza kumchora bi harusi mikono na miguu, akalivuta bakuli la piko. "Lete na nyusi, mwanangu, zikolee." Nikamzuia. Mashangazi wakaninunia, wakaona naharibu shughuli. Pale sikupata nafasi ya kueleza, basi naeleza hapa.

Hina ya majani huacha wekundu. Weusi wa piko hutoka kwenye rangi ya nywele ya dukani, na dawa iliyomo mara nyingi ni parafenilinidiamini, ile inayoandikwa PPD. Dawa hiyohiyo ilikuwamo katika Lash Lure, rangi ya nyusi na kope iliyouzwa Marekani miaka ya 1930. Wanawake walikwenda saluni kupendeza wakarudi macho yamevimba yakitoka usaha. Yuko aliyepofuka, na yuko aliyekufa. Serikali yao haikuwa na sheria ya kuiondoa sokoni hadi 1938. Sheria hiyo iliziacha rangi za nywele za namna hii ziuzwe, ila kwa onyo: zisipakwe nyusi wala kope, zaweza kupofusha.

Likabaki swali la kujua kabla ya mtu kuumia. Mwaka 1944 John Draize na wenzake walichapisha kipimo chao. Dawa kiasi cha mililita 0.1 hutiwa jicho moja la sungura, la pili huachwa la kulinganishia, kisha huangaliwa siku hadi siku na kupewa alama. Jumla ya juu ni 110, na 80 kati yake ni za kioo cha jicho peke yake, maana kikiingia ukungu, nuru imekwenda. Maskini sungura! Wengi walifungwa shingo wasiweze hata kujifikicha.

Alama zile hazikutupwa. Wataalamu wa Ulaya walizikusanya, kemikali baada ya kemikali, zikawa daftari la kulinganishia. Leo kuna vipimo vya macho ya ng'ombe na kuku kutoka machinjioni, na vya ngozi ya jicho iliyooteshwa maabara. Kipimo kipya kikidai sabuni fulani haichomi, huulizwa kwanza kama kinakubaliana na daftari lile. Tangu 2013 Umoja wa Ulaya hauruhusu kuuzwa vipodozi vilivyojaribiwa kwa wanyama.

Tanzania Bara vipodozi viko chini ya TBS tangu 2019. Kabla yake vilikuwa TFDA. Lakini anayekoroga piko uani Tandika au Kinondoni hana mkaguzi juu ya bakuli lake.

Bi harusi wetu alitiwa kalamu ya wanja, akapendeza. Boksi la ile rangi nililikuta kwenye ndoo ya taka. Onyo la nyusi lilikuwepo, ubavuni, kwa herufi ndogo za Kiingereza.