Risasi ya Owino Uhuru

Wapo wanaoshikilia kuwa uchafuzi wa viwanda ni suala la wataalamu, na kwamba wananchi wakilivalia njuga hufukuza ajira. Yaliyotokea Owino Uhuru, Mombasa, yanawapinga. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 ilikuwepo tayari kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kuukuu kilipofunguliwa mwaka 2007, kikipakana na nyumba za watu wapatao 3,000. Haikuwakinga. Aliyevianzisha vita ni Phyllis Omido, mfanyakazi wa zamani wa kiwanda hicho, baada ya risasi kupatikana katika damu ya mwanawe mchanga; majirani wakaandamana hadi kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Na ajira? Waliolipwa ujira huo ndio waliovuta mvuke wa risasi, wao na watoto wao. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 70, humruhusu yeyote kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba ameumia, nao wakaenda. Fidia ya shilingi bilioni 1.3 ilitolewa mwaka 2020, Mahakama ya Rufani ikaitengua mwaka 2023, Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024: miaka kumi, naam, tangu tanuri lizimwe.