Bamba la kitako cha nguzo ya chuma

Bamba la kitako ni kipande kinene cha chuma kinachochomelewa chini ya nguzo ili kutawanya uzito juu ya zege. Nguzo yenye chuma cha sentimita 30 za mraba ikibeba tani 20, hukandamiza kwa takriban kilo 667 kila sentimita ya mraba, na zege la kawaida halihimili hayo. Bamba la sentimita 30 kwa 30 huzishusha hadi 22. Likiwa jembamba mno, kingo zake hupinda juu.

Katika banda la samaki lililo wazi ufukweni mwa Ziwa Mweru, Puta au Nchelenge, upepo waweza kuwa hatari kuliko uzito: huingia chini ya mabati na kuinua paa pamoja na nguzo. Hapo kinachookoa ni bolti ndefu zilizozamishwa ndani ya zege.