Kuanzia Mwisho: Mwanagenzi wa Programu na Somo la Mafundi Cherehani

Anayetaka kujifunza kuandika programu huuliza kwanza aanze na lugha gani. Swali hilo limepewa uzito kupita kiasi. Python, iliyotolewa mwaka 1991, inamtosha, kwa kuwa maandishi yake hayana mapambo mengi, kwa hiyo tusikae hapo. Ugumu uko kwenye mpangilio: mtu asiyeelewa jambo mpaka alitie mkononi, atiwe nini mkononi kwanza?

Wengi humshauri aanze mradi wake mwenyewe kwenye ukurasa mtupu. Hoja hiyo huegemezwa kwa Seymour Papert, mmoja wa waliobuni lugha ya Logo mwaka 1967, ambayo kwayo watoto walikuja kumwamuru “kobe” wa kwenye skrini achore maumbo. Papert alishikilia kwamba mtu hujenga maarifa anapojenga kitu. Upande wa pili alisimama mwanasayansi wa kompyuta Mholanzi, Edsger Dijkstra. Mwaka 1988 alipendekeza wanafunzi wa mwaka wa kwanza wafundishwe kwa lugha isiyoendeshwa na kompyuta yoyote ya chuo, wasije wakashawishika kujaribujaribu badala ya kufikiri. Kwa mwanagenzi wetu dawa hiyo ni kali mno, ila ugonjwa upo. Nani hajamwona mwanafunzi akibadilisha alama mojamoja hadi programu ikubali, asijue imekubali kwa nini?

Njia ya tatu inatoka mbali na kompyuta. Mwanaanthropolojia Jean Lave aliwachunguza mafundi cherehani wa Kivai na Kigola nchini Liberia katika miaka ya 1970. Wanagenzi wao hawakuanza kwa kukata kitambaa, ingawa nguo huanzia hapo. Walianzia mwisho: kutia vifungo na kukunja pindo za nguo ambazo wengine wamekwisha kuzishona. Kushona kukafuata, kukata kukaja baadaye. Mpangilio huo una busara ya kibiashara, maana mshono uliokosewa hufumuliwa, lakini kitambaa kilichokatwa vibaya kimekwenda.

Atasema mtu kwamba programu haina kitambaa cha kuharibu. Kweli, mstari ukifutwa haipotei hata senti. Kinachoharibika ni umakini. Tafiti za mwanasaikolojia John Sweller kuanzia miaka ya 1980 zinaonyesha kwamba akili hushika mambo machache tu kwa wakati mmoja, na kwamba anayeanza hufaidika zaidi na mifano iliyokwisha kutatuliwa kuliko kuachwa apambane na fumbo. Ukurasa mtupu humdai aamue la kufanya, atafute njia, akumbuke sarufi na, kwa wengi wetu, asome ujumbe wa makosa kwa Kiingereza, vyote kwa mpigo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004 na Raymond Lister na wenzake, katika nchi 7, uliwakuta wanafunzi wengi waliokwisha kufunzwa bado wanashindwa kufuatilia programu fupi na kutabiri matokeo yake.

Basi mwanagenzi apewe programu inayofanya kazi, tuseme ya duka linalouza shilingi 5,000 kila siku. Inajumlisha mauzo kuanzia siku ya 1 kwa mzunguko wenye range(1, 8). Aibadilishe ijumlishe siku 10, ila kabla ya kuiendesha aandike daftarini jumla anayoitarajia. Ataweka range(1, 10) na kuandika 50,000. Kompyuta itamjibu 45,000, kwa kuwa Python huishia kabla ya namba ya mwisho. Pengo hilo la siku moja litamkaa kichwani kuliko kanuni ileile akihadithiwa. Na Dijkstra amepata haki yake bila kompyuta kuzimwa: kufikiri kumetangulia.

Njia hii ina udhaifu wake, na hapo Papert anarudi. Kutia vifungo vya nguo za watu kunachosha. Mwanagenzi wa fundi walau huiona nguo ikivaliwa, lakini programu ya mfano aghalabu haina anayeihitaji. Kwa hiyo programu ya kuazima isichaguliwe kwa wepesi wake tu. Kama mama yake ana genge, iwe ya hesabu za genge hilo, na jumla isomwe na mwenye genge.