Maitansini

Maitansini ni kampaundi ya kikemia inayopatikana katika baadhi ya mimea ya jenasi Maytenus ya Afrika. Inaua seli za saratani hata ikiwa kwa kiasi kidogo sana.

Ugunduzi

Mwaka 1972 mwanakemia S. Morris Kupchan wa Marekani na wenzake walitangaza kwamba wameitenga kutoka katika mmea wa Ethiopia. Katika kazi ya namna hiyo mmea husagwa na kulowekwa katika alkoholi, kisha dondoo hugawanywa katika mafungu. Kila fungu hujaribiwa kwa seli za saratani zilizokuzwa maabarani. Linaloziua hugawanywa tena, mpaka ibaki kampaundi moja safi.

Kwa kuwa mmea una maitansini kidogo mno, katika miaka ya 1970 takriban tani 27 za Maytenus buchananii zilivunwa katika Milima ya Shimba, kwenye pwani ya Kenya.

Utendaji

Maitansini hujishika na tubulini, protini inayojenga nyuzi za kutenganisha kromosomu. Hapo seli hushindwa kugawanyika, ikafa.

Matumizi

Ilipojaribiwa kwa wagonjwa, ilidhuru pia neva na mfumo wa chakula, na majaribio yakaachwa. Baadaye kampaundi iliyotokana nayo iliunganishwa na kingamwili inayoipeleka kwenye seli za saratani. Dawa hiyo, trastuzumabu emtansini, iliidhinishwa Marekani mwaka 2013 kwa aina mojawapo ya saratani ya matiti.

Kwa hiyo, kuua seli maabarani ni hatua ya kwanza tu. Hakutoshi kuufanya mmea uwe dawa.