Usimamizi wa muda

Usimamizi wa muda ni utaratibu wa kuamua kazi ipi ifanyike, lini, na kwa muda gani, ili mambo ya maana yakamilike kabla ya siku au nguvu kwisha. Mbinu zake ni nyingi, na zile zinazojulikana zaidi zilibuniwa na watu wa viwandani, maofisini na vyuoni huko Ulaya na Marekani. Kwa hiyo mbinu inayomfaa mmoja inaweza kumshinda mwingine ambaye saa zake hupangwa na kengele ya shule, mvua, mwezi au mahitaji ya nyumbani.

Makala hii inaeleza mbinu kuu na jinsi ya kuchagua, kwa mifano kutoka wilaya za Bukoba na Muleba, mkoa wa Kagera, Tanzania. Saa zimeandikwa kwa hesabu ya Kiswahili: saa 1:00 asubuhi ni ile ambayo simu huionyesha kama 07:00.

Historia

Mhandisi Mmarekani Frederick Winslow Taylor alipima kazi za viwandani kwa saa ya kuhesabu sekunde, na mwaka 1911 alichapisha kitabu The Principles of Scientific Management. Katika mfumo wake aliyepanga muda alikuwa msimamizi, si mfanyakazi.

Mwaka 1955 mwanahistoria Mwingereza C. Northcote Parkinson aliandika katika gazeti la The Economist kwamba kazi hutanuka mpaka ijaze muda wote iliopewa. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza tabia ya watu kukadiria kwamba kazi itachukua muda mfupi kuliko unaohitajika kweli, hata kama kazi za namna hiyo zimewahi kuwachelewesha.

Mwaka 2021 Brad Aeon, Aïda Faber na Alexandra Panaccio waliunganisha matokeo ya tafiti nyingi zilizotangulia. Waliona kwamba kupanga muda kunahusiana kwa kiasi na ufanisi kazini na masomoni, lakini uhusiano wake na kuridhika na maisha ni mkubwa zaidi.

Mbinu kuu

Mbinu ya Pomodoro ilibuniwa na Mwitalia Francesco Cirillo mwishoni mwa miaka ya 1980, alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Jina lake ni neno la Kiitalia lenye maana ya nyanya, kwa sababu alitumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Mtu hufanya kazi moja kwa dakika 25 na kupumzika dakika 5. Baada ya vipande vinne hupumzika kwa muda mrefu zaidi.

Jedwali la Eisenhower limepewa jina la rais wa Marekani Dwight Eisenhower, ambaye katika hotuba ya mwaka 1954 alitofautisha mambo ya haraka na mambo ya maana. Stephen Covey alilieneza kwa kitabu chake cha mwaka 1989. Kazi hugawanywa katika mafungu manne: ya maana na ya haraka, ya maana yasiyo ya haraka, ya haraka yasiyo ya maana, na yasiyo ya maana wala ya haraka.

Kutenga vipindi ni kuipa kila kazi nafasi yake ndani ya siku, kama ratiba ya shule. Benjamin Franklin aliandika mpango wa siku wa namna hii katika kitabu cha maisha yake.

Mfumo wa orodha, ulioelezwa na David Allen katika kitabu Getting Things Done cha mwaka 2001, hutaka kila jambo liandikwe mahali pamoja, kisha kwa kila jambo iamuliwe hatua inayofuata. Orodha zinaweza kupangwa kwa mahali: ya mjini, ya shambani, ya simu.

Saa na jua Kagera

Bukoba na Muleba ziko karibu na ikweta, hivyo urefu wa mchana haubadiliki sana: ni takriban saa 12 mwaka mzima. Kwa kuwa Kagera iko magharibi ya nchi lakini hutumia saa rasmi moja na Dar es Salaam, jua huchomoza Bukoba kwa wastani nusu saa hivi baada ya Dar es Salaam. Huchomoza takriban kati ya saa 12:30 na saa 1:05 asubuhi, na huzama kati ya saa 12:40 na saa 1:10 jioni.

Jambo hili lina maana kwa anayepanga kazi. Ratiba ya kuamka iliyonakiliwa kutoka pwani humkuta mtu wa Muleba bado gizani, lakini jioni humwachia mwanga ambao mwenzake wa pwani hana. Kwa nyumba isiyo na umeme, nusu saa hiyo ya jioni ni nafasi ya kusoma bila gharama ya taa.

Hesabu mbili za saa pia huleta makosa. Anayetaka kuamka saa 11:00 alfajiri akiandika 11:00 kwenye simu, simu italia saa tano asubuhi. Ratiba ya kikundi inafaa iandikwe pamoja na neno asubuhi, mchana, jioni au usiku, na wote wakubaliane hesabu ipi inatumika.

Kazi zinazofuata majira

Wavuvi wa dagaa katika visiwa vya Muleba, kama vile Bumbire, Goziba na Ikuza, huvua usiku kwa taa. Samaki hao hufuata mwanga, na taa huvuta vizuri zaidi wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali mavuno hupungua, na wengi hutumia siku hizo kupumzika na kutengeneza nyavu na mitumbwi. Mzunguko wa mwezi ni wa siku 29 na nusu hivi. Kwao mpango wa juma lenye siku saba hausaidii sana. Kipimo chao cha kufaa ni mwezi mwandamo.

Mkulima wa kahawa hufuata mwaka. Uvunaji wa robusta huanza takriban Mei na kuendelea kwa miezi kadhaa. Kahawa ya maganda huanikwa juani kwa siku nyingi, na mtu lazima awe karibu ili aigeuze na kuifunika mvua ikija. Saa za kulinda kahawa si saa tupu, ila hukatizwa wakati wowote. Zinafaa kazi fupi: kuchambua maharage, kukariri msamiati, kupanga hesabu ya mauzo. Hazifai kazi inayodai akili itulie kwa saa mbili.

Jinsi ya kuchagua

Maswali matatu husaidia.

1. Nani anashika saa zako? Anayejipangia mwenyewe, kama fundi au mwandishi, anaweza kutenga vipindi. Mwenye kuitwa wakati wowote, kama muuguzi, mwenye duka au mama mwenye mtoto mchanga, hufaidika zaidi na orodha inayoonyesha kazi ya kufanya nafasi inapopatikana.

2. Kazi inahitaji muda gani kukolea? Kusahihisha madaftari kunaweza kukatwa vipande vya dakika 25. Kuandika ripoti au kutatua hesabu ngumu huhitaji muda mrefu zaidi. Utafiti wa Sophie Leroy wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba mtu anayehama kazi moja kwenda nyingine huacha sehemu ya mawazo yake kwenye ile ya kwanza, hasa ikiwa hakuimaliza.

3. Usumbufu unatoka wapi? Ukitoka kwako mwenyewe, kama vile simu au uvivu wa kuanza, Pomodoro husaidia. Ukitoka kwa wengine, saa ya nyanya haitawazuia. Kinachohitajika ni makubaliano. Tatizo likiwa ni kazi nyingi mno, jedwali la Eisenhower huonyesha ipi iachwe.

Mbinu iliyochaguliwa ijaribiwe kwa wiki mbili. Kila jioni mtu aandike daftarini alichopanga, alichofanya na muda uliotumika kweli. Makadirio ya wiki ya tatu yatokane na kumbukumbu hiyo, si matumaini.

Mfano wa mwanafunzi wa kutwa

Mwanafunzi wa kidato cha nne hufanya mtihani wa taifa kwa kawaida mwezi Novemba. Wakati huo ni msimu wa mvua za vuli, palizi imeanza, na senene nao hushuka. Kusubiri Oktoba ni kuchagua miezi yenye kazi nyingi.

Tuchukue mwanafunzi anayetoka shuleni saa 10:00 jioni, anayetembea dakika 45 na kufanya kazi za nyumbani kwa saa moja na dakika 15. Ameshafika saa 12:00, na mwanga uliobaki ni saa moja hivi. Kipindi cha sekondari ni dakika 40, hivyo anaweza kusoma kipindi kimoja kamili cha somo gumu kabla ya giza, na kuacha kukariri na kupanga daftari kwa usiku.

Vipande vifupi havitoshi peke yake. Mitihani mingi ya kidato cha nne huchukua saa 3. Aliyezoea dakika 25 tu anaweza kuyajua majibu na bado akachoka katikati ya karatasi. Kwa hiyo Jumamosi au Jumapili moja kila baada ya wiki mbili itengwe kwa kufanya mtihani wa zamani kwa saa 3 mfululizo, bila kusimama.

Mipaka ya usimamizi wa muda

Hakuna mbinu inayozalisha saa. Katika nyumba nyingi wasichana hupewa kazi za kuchota maji, kupika na kulea wadogo kuliko ndugu zao wa kiume. Msichana wa namna hiyo akifeli, kumwambia ajifunze kupanga muda ni kumtwisha kosa lisilo lake. Hatua ya kwanza ni wazazi kuandika kazi zote za siku na kuzigawa upya, ili kila mtoto anayesoma apate walau kipindi kimoja ambacho hataitwa.

Vilevile mapumziko si muda uliopotea. Usingizi husaidia ubongo kuhifadhi yaliyosomwa, na ratiba inayoula usingizi kila siku hupunguza faida ya saa ilizoongeza.